Anayeuguza Naye Atunzwe



Yoshua bin Sira amwusia mwana amsaidie baba yake katika uzee wake, hata akili zake zikipungua.  Lakini sisi, mama akipatwa na kiharusi, twakutana jioni moja, twamteua binti asiyeolewa, au twaleta msichana kutoka kijijini. Kisha twatuma fedha na salamu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda. Je, huyo msichana atalala lini? Nani amemfundisha kumwinua mgonjwa? Ujira wake hulipwa kila mwezi?

Basi ndugu, tugawane zamu. Tumwombe mwuguzi wa zahanati atuonyeshe kazi hiyo. Tukimwajiri mtu, awe mtu mzima, apate ujira wa haki na siku ya kupumzika. Nayo Jumuiya Ndogo Ndogo imshikie zamu Jumapili, apate kwenda Misa. Tukimwacha peke yake, tumewaacha wawili.

Mungu awabariki.