UYOGA UTAMBULIWE PORINI, SI GHALANI

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Leo sikusimama kusema habari za mahindi wala za tumbaku. Nimesimama kwa ajili ya uyoga. Naona wengine mnacheka. Mnasema uyoga ni kazi ya akina mama na watoto, Katibu ameishiwa maneno. Chekeni, lakini sikilizeni.

Mvua imeshika. Hapa kwetu Tabora mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, na katika miezi hiyo miombo yetu hutoa uyoga usiolimwa, usiopaliliwa, wala usiodai mbolea ya mkopo. Tena hutoa wakati mgumu, akiba ya nyumbani imekwisha na mahindi ya shambani bado machanga. Uyoga ni kitoweo cha wakati huo. Ukikaushwa vizuri, ni kitoweo cha kiangazi pia, na ni fedha ya daftari la mtoto.

Sasa nasema la gunia, maana najua ndilo linalonung'unikiwa. Msimu uliopita ghala letu lililetewa gunia moja la uyoga mkavu. Ndani yake mlikuwa na mchanganyiko, na hapakuwa na mtu wa kueleza kipi ni kipi. Kamati ikaamua gunia lile lifukiwe. Akina mama waliotembea porini kwa ajili ya gunia lile waliumia, na wana haki ya kuumia. Jasho la mtu si maji ya kumwaga. Lakini kamati ilitenda sawa, na leo nataka kila mmoja aelewe sababu, ili msimu huu tusifukie jasho la mtu mwingine.

Sababu ni hii. Uyoga mbichi una alama zake. Uyoga mkavu hauna. Ukishakatwa vipande na kukauka, wote huwa wa kahawia, wote hujikunja, wote hunukia moshi. Hata bibi aliyeokota uyoga miaka 50 hawezi kukuhakikishia kipande kikavu. Kwa hiyo mahali pa kuutambua uyoga ni palepale ulipoota. Ukifika uchanjani umeshachelewa.

Sisi wa darasa la kisomo tunajua herufi b na herufi d. Zote zina kijiti, zote zina tumbo. Ukitazama upande mmoja tu, umekosea neno. Uyoga ni vivyo hivyo, usomwe wote, kutoka kofia hadi chini ya udongo.

Tuanze na uyoga wa kichuguu. Huu hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya nyumba yao, na mvua ikinyesha hutoka juu. Ziko aina ndogo zinazoota nyingi pamoja, na iko aina ambayo kofia yake hufika karibu mita moja kwa upana. Alama yake kubwa iko chini. Shina lake huendelea ardhini kama mzizi mrefu, likashuka mpaka kwenye makao ya mchwa. Basi fuateni mzizi huo kwa kidole taratibu mpate hakika, lakini msibomoe kichuguu. Ukibomoa umeua mkulima na shamba lake.

Wa pili ni ule wa njano, wenye umbo la tarumbeta. Huota chini ya miyombo na mikusu kwa sababu umeungana na mizizi ya miti hiyo, huu ukimlisha yule na yule huu. Hauoti kichuguuni, wala hauna pete shingoni, wala kikombe chini.

Wa tatu ndio wenye hatari, nao ni ule ulio na kikombe chini ya shina, kama yai lililopasuka. Wataalamu huwaita ukoo wa Amanita. Katika ukoo huu wamo wanaolika. Mmoja unaolika uliandikwa na wataalamu mwaka 1994 ukapewa jina la Masasi, kule Mtwara. Lakini ndani ya ukoo huohuo wamo wauaji wakubwa kuliko wote duniani. Ndugu mmoja analisha, ndugu mwingine anazika. Na kikombe hicho hukaa udongoni, hakionekani ukikata shina kwa kisu. Kwa hiyo uyoga usiouhakikisha uchimbue wote pamoja na kitako chake. Ukiona kikombe, uache, isipokuwa mama mzoefu wa msitu wetu huu huu ameushika mkononi ukiwa mzima na kuutaja jina.

Uko pia uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaopenda mahali pa wazi, malishoni na kando ya nyumba. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba kama kurasa za daftari. Kurasa za uyoga huu zikikomaa hugeuka kijani. Wengine humdhania wa kichuguu. Ukiula, kwa saa chache tu unatapika na kuharisha mpaka miguu inakwisha nguvu.

Sasa nisemeni juu ya imani zetu. Zipo, na zimezika watu.

Watu husema uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Si kweli, tumbo la konokono si tumbo lako. Husema pika na kitunguu au kijiko cha fedha, kikibadilika rangi ni sumu. Si kweli. Husema sumu yote hutoka ukichemsha ukamwaga maji, au ukianika juani. Sumu ya wale wauaji haitoki kwa moto, haitoki kwa jua, haitoki kwa chumvi. Husema uyoga wenye sumu ni mchungu. Wauaji wengine wana ladha nzuri tu.

Na sumu hiyo ni ya hila. Mtu anakula jioni, analala vizuri. Zinapita saa 6, au 12, au hata zaidi, ndipo kutapika na kuharisha kunaanza. Baadaye anapata nafuu, watu wanashukuru Mungu, wanarudi shambani. Kumbe ndani ini linaharibika. Siku ya tatu macho yanakuwa ya manjano, na wakati huo ni vigumu kumwokoa. Kwa hiyo mtu akiugua baada ya kula uyoga, asingojee nafuu wala dawa ya jirani. Aende zahanati mara moja, na wote waliokula chungu kile waende naye hata kama hawajisikii vibaya. Bebeni na mabaki ya uyoga, mabichi kama yapo, mganga aone.

Mkishautambua, sasa kuhifadhi.

Okoteni kwa kikapu au tenga, si kwa mfuko wa nailoni, maana humo uyoga hupata joto na kuoza. Msiokote kando ya shamba la tumbaku lililopigwa dawa. Mfuko uliokuwa na mbolea usitiwe uyoga hata kama umeufua mara saba. Kila aina iwe na kikapu chake, au itengwe kwa majani.

Nyumbani, pangusa udongo, toa uliotobolewa na funza, kata vipande vyembamba. Kama una mchanga, suuza upesi, usiuloweke. Tandaza juu ya mkeka safi, uchanjani, mbali na kuku na mbuzi. Jua likiwa kali siku 2 au 3 zinatosha. Lakini masika jua halina ahadi, basi wekeni uchanja juu ya moto mdogo wa jikoni, wa kukausha si wa kuchoma. Umekauka lini? Ukivunja kipande kikalia kama kijiti, umekauka. Kikipinda, bado. Kilo 10 za uyoga mbichi hubaki kama kilo 1 tu, kwa hiyo msishangae wala msidhani mtu ameiba.

Uache upoe, ndipo utie kwenye chungu, kibuyu au debe lenye mfuniko. Kila baada ya wiki chache fungua, uangalie, uanike tena. Ukiona ukungu, tupa. Siku ya kupika, loweka kwa maji ya uvuguvugu, mchanga utuame, kisha weka karanga zako. Hapo sina la kuwafundisha mama zangu.

Kwa ghala la ushirika, kamati imekubaliana hivi:

1. Gunia la mchanganyiko halitapokelewa. Aina moja, mfuko mmoja.

2. Kabla ya kukata na kukausha, uyoga mzima uonyeshwe kwa mmoja wa akina bibi watatu waliochaguliwa na mkutano huu. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama mwenye uyoga ni mke wa Katibu.

3. Kila mfuko uwe na karatasi yenye jina la uyoga, mahali ulipookotwa, tarehe, na jina la aliyeokota. Asiyejua kuandika aje darasani Jumatano jioni, tutaandika naye, na mara ya pili ataandika mwenyewe.

La mwisho ni miti. Uyoga wa njano hauishi bila miyombo. Tukikata yote kwa mkaa na kwa mabani ya tumbaku, mvua itanyesha na tutaokota majani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuutunza. Jambo hilo nitalileta mkutano mkuu wa kijiji, na naomba mje wengi.

Mwaka 1975 wazee wetu walikaa katika vikundi vya redio vya kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina lile lilikuwa na kweli. Basi tusikubali chakula kiwe kifo kwa sababu ya haraka ya kujaza gunia.

Usiyemjua humkaribishi alale na wanao. Uyoga usioujua usiukaribishe chunguni.

Uhuru ni Kazi!

Katibu wa Tawi