Taa za Gari na Roho Zetu
(Maneno waliyoambiwa madereva na matanboi, Garissa)



Usiku barabara ya Modogashe ina ngamia, na ngamia hana taa. Taa ni yako.

Kioo kikiingia ukungu, zima taa, ipoe, toa waya wa betri. Fungua mpira wa nyuma, anika taa juani, zibua tundu la pumzi lililojaa vumbi. Mpira uliopasuka ubadilishwe, ama maji yatarudi.

Balbu mpya ishike kwa kitambaa safi. Mafuta ya kidole huipasua ikipata moto. Tazama volti: 12 ya gari dogo si 24 ya lori.

Lakini balbu ni gharama ya tajiri, si ya mshahara wako. Akikataa kuinunua, usiondoke usiku. Mwambie katibu wa tawi siku ile ile.

Umoja ni nguvu.