Askofu Aseme, Wananchi Waamue



Kanisa la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe, ambalo sote hapa Unguja tunaliita Minara Miwili, lilijengwa katika miaka ya 1890 na wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Baadaye uongozi wa jimbo la kitume la Zanzibar ulikabidhiwa Waayalandi wa shirika hilo hilo: Neville mwaka 1913, Heffernan mwaka 1932 na McCarthy mwaka 1946. Kwa hiyo habari za Ayalandi hazituhusu kwa mbali kama inavyodhaniwa.

Katika nchi hiyo, Katiba ya 1937 ilitambua nafasi ya pekee ya Kanisa Katoliki. Mwaka 1951 Waziri wa Afya, Noël Browne, alitaka kina mama na watoto watibiwe bure bila kuulizwa kipato. Maaskofu walipinga. Mstari wa mbele alikuwapo Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, naye akiwa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Serikali ikaurudisha nyuma mpango huo, Waziri akajiuzulu. Hakushindwa Bungeni wala katika uchaguzi. Alishindwa kwa barua za maaskofu.

Matokeo yake ni yapi? Anayeogopwa hakaguliwi. Mwaka 2009 Tume ya Ryan ilitoa taarifa ya mateso waliyofanyiwa watoto kwa miongo mingi katika shule za malezi zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa, huku serikali ikishindwa kusimamia wajibu wake. Kanisa lililokuwa na sauti kuliko wote likapoteza imani ya wengi wa watoto wake.

Ndugu zangu, sisi tulifuata njia nyingine. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa wa Bukoba alifanywa Kardinali, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Hata hivyo, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni ziliwekwa chini ya Serikali ili mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo wakae dawati moja. Lakini Mwalimu hakutaka Kanisa bubu. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lipambane na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini.

Tarehe 18 Agosti 2023, Baraza la Maaskofu lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai. Wapo wenzetu katika Chama waliosema maaskofu warudi madhabahuni. Mimi sikubaliani nao. Maaskofu walisema, Serikali ikaamua, ikatia saini mikataba Oktoba mwaka huo. Kuamua ni haki ya waliochaguliwa. Kumnyamazisha anayeuliza si haki ya mtu yeyote. Hoja hujibiwa kwa hoja, wala si kwa kutazama msalaba au kanzu ya msemaji.

Sisi wa visiwani tunajua gharama ya chuki. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi mwaka huo Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Jumapili asubuhi, akienda kusalisha. Anayemtukana kiongozi wa dini jukwaani humrahisishia kazi mwenye bunduki.

Waswahili husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu naye huweza kupotea njia, na Ayalandi ni ushahidi. Basi askofu na sheikh waseme bila hofu, kwa ajili ya mnyonge na si kwa ajili ya madaraka yao. Viongozi wa Chama wasikilize bila hasira. Na hukumu ya mwisho ibaki mikononi mwa wananchi.