Maji ya Dar, Mlima wa Waluguru

Msikilizaji, tangu treni ya mwendokasi ianze safari zake mwaka 2024, mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuondoka alfajiri, akashuka Morogoro, na kabla ya adhuhuri akawa anapanda Milima ya Uluguru. Nafurahi sana kuona vijana wanaelekea huko wakapande mlima. Waende zaidi. Ila wajue kwamba wanapita uani kwa watu.

Njia ya Morningside, inayofika kwenye lile jumba kuukuu la enzi za Wajerumani, inakatiza katikati ya mashamba. Humo utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka na karoti, kabichi na stroberi kichwani, wakiwahi soko la Chifu Kingalu. Njia ni nyembamba, na ikinyesha inateleza. Mwenye mzigo apishwe.

Juu ya mashamba ndiko kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, msitu wa zaidi ya hekta 24,000, wenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, mvua ikanyesha, vijito vikaungana na kuwa Mto Ruvu. Kutoka Ruvu, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini husukuma maji hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo yule abiria wa treni amekuja kuona yanakotoka maji aliyooga asubuhi.

Na maji hayo yana historia nzito. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usisombwe na mvua. Kazi ilikuwa ngumu, amri ilikuwa ya mtawala, na faida wakulima hawakuiona. Mwaka 1955 walikataa, huko Matombo milimani kukazuka vurugu, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Miaka mingi baadaye, huko Kibungo Juu, ulikuja mradi wa namna nyingine: mkulima alilipwa fedha kwa kuchimba matuta na kupanda miti, ili Ruvu ipate maji safi. Wakachimba. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile, lakini safari hii jasho lao lilipewa thamani.

Leo tunamwambia Mluguru asilime msituni, asichome mkaa, asiguse kingo za mito. Tunamwambia hivyo mtu mwenye kishamba kidogo mteremkoni na watoto wanaohitaji ada. Ni haki gani hiyo, kama gharama anabeba yeye na bomba linafunguliwa Sinza, Dar es Salaam?

Mgeni ana sehemu yake. Lipa kiingilio cha hifadhi, chukua kijana wa kijijini akuongoze, nunua stroberi palepale shambani kwa bei anayotaja mwenyewe. Lakini fedha za wageni wa mwisho wa wiki hazitoshi kulinda mto unaonywesha mamilioni ya watu. Naiomba Wizara ya Maji itenge sehemu, hata ikiwa ndogo, ya kila ankara ya maji ya Dar es Salaam, irudi kwenye vijiji vya Uluguru kila mwaka, na hesabu zake zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kila mwanakijiji azisome.