Hedhi, Istihadha na Daftari la Madeni

Ndugu wanasemina, nianze na maneno ambayo ninyi wenye maduka ya dawa Kariakoo mnayasikia kunishinda: "Dada, nina chango, siku zangu zimevurugika. Nipe dawa ya kusafisha kizazi, natafuta mtoto." Mteja ameita kila damu "siku zangu". Sisi nasi, badala ya kumuuliza, tunafungua kabati.

Lugha yetu ilikwisha kuzitenga damu hizi. Binti aliyepita madrasa amefundishwa kuwa kuna hedhi na kuna istihadha. Kwa Mashafii, hedhi haizidi siku 15. Ikivuka hapo ni istihadha, anasali na kufunga. Mafunzo hayo ni ya ibada, na mipaka yake si ya hospitali, ambako mzunguko wa kawaida ni siku 24 hadi 38 na damu haizidi siku 8. Lakini kazi ni moja: kuhesabu. Somo aliyemfunda mwali naye alihesabu. Tulioacha ni sisi wenye makoti meupe.

Hedhi ya kweli hufuata yai. Yai likishatoka, kifuko chake hutoa projesteroni. Homoni hiyo ikishuka, yapata wiki 2 baadaye, utando wa mji wa mimba hutoka kwa pamoja. Yai lisipopevuka, utando huendelea kunenepa kwa estrojeni tupu, kisha humeguka vipande vipande: leo matone, miezi 2 baadaye mafuriko. Mwanamke anaiona damu na kujipa moyo, kumbe mwezi ule hapakuwa na yai. Na ile "siku ya 14" tunayoambizana saluni? Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 36, siku yake iko karibu na ya 22.

Sababu za damu kuvurugika ni nyingi: tezi ya shingo, ovari zenye vifuko vingi, uvimbe wa kizazi, maambukizi. Hizo ni za daktari na ultrasaundi. Zenu ni zile zinazopita kaunta. Muulizeni kama alikuwa akichoma sindano ya miezi 3: mimba huweza kuchelewa, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na kuchelewa huko si ugonjwa. Muulizeni P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, amemeza mara ngapi. Dawa za kuweka ukeni "zivute uchafu" msimuuzie kabisa. Zinaunguza na kualika maambukizi.

Kabla ya lolote, apime mkojo. Anayetafuta mtoto na kutokwa damu ovyo huenda tayari ana mimba, na huenda imetunga nje ya kizazi. Akiwa na maumivu upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, akimbizwe hospitali ya Amana au Muhimbili saa hiyo hiyo, hata kama kipimo kimemchanganya. Huyo si wa kusubiri basi la mwendokasi.

Kuna mama mmoja, muuza khanga Mtaa wa Uhuru, ambaye nilimwomba aandike tarehe zake. Daftari jipya alisema litapotea, basi akaziandika nyuma ya daftari la madeni, ambalo kwake halipotei. Baada ya miezi 4 alinifungulia: siku 19, siku 41, tena siku 17. Kipimo cha mkojo hakikuonyesha mimba. Nilimwambia tutampeleka kwa daktari wa wanawake, na mumewe akapime mbegu.

Akacheka. "Mume wangu? Yule ana mtoto Morogoro!"

Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Miaka 9, akajibu. Nikaandika rufaa mbili.