Ua la Siku Moja

Somo letu leo ni Mwanzo, mlango wa 29, tangu mstari wa 16 hadi wa 31. Mwenye Biblia karibu naye na aifungue.

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Februari, miji yetu huvaa nyekundu. Vijana hununuliana waridi na kadi, mikahawa hujaa, na huko maofisini watu hutazamana kuona nani ameletewa kitu na nani hakuletewa. Siku hiyo huitwa Valentine, yaani Siku ya Wapendanao. Vijana wa kanisa hutuuliza, je, Mkristo aishike? Na watu walio katika ndoa huuliza swali lililo gumu zaidi: je, yako mahaba ya kweli katika siku ambayo kalenda ndiyo inayotuamuru kupenda?

Kwanza tumjue mwenye jina. Valentine alikuwa Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Roma katika karne ya 3. Kalenda ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 inamtaja tarehe hiyo kuwa askofu na shahidi. Juu ya wachumba haisemi neno. Mambo ya mapenzi yaliingia baadaye sana. Katika karne ya 14 mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, alitunga shairi ambalo ndani yake ndege hukutana siku hiyo kuchagua wenzi wao. Kufikia karne ya 19, kadi za Valentine zilikuwa biashara kubwa huko Uingereza na Marekani.

Nasi hapa Kenya twaijua biashara hiyo kwa karibu. Kule Naivasha waridi hukuzwa katika nyumba za plastiki karibu na ziwa, hukatwa, hufungwa mafungu, huwekwa katika vyumba vya baridi, kisha hupelekwa Ulaya kwa ndege. Majuma ya kabla ya tarehe 14 Februari kazi huzidi sana. Wengi wa wanaoyafunga maua hayo ni akina mama. Yamkini mama mmoja hushika maelfu ya waridi, asipate hata moja lililo lake. Hatusemi hivi kwa kuilaumu kazi hiyo, maana inalisha watoto na kulipa karo. Twataka tu kukumbushana kwamba ua laweza kupita mikononi mwa mtu, na upendo usimfikie.

Sasa tumtazame Yakobo. Alimpenda Raheli, akamtumikia Labani miaka 7 kwa ajili yake, na Maandiko yatuambia kwamba aliiona miaka hiyo kuwa kama siku chache tu. Ndugu zetu, hayo ndiyo mahaba. Yalikuwa katika kuchunga kondoo, jua kali mchana na baridi usiku, siku baada ya siku, bila mtu wa kumpigia makofi.

Lakini habari haiishii hapo. Katika nyumba ile ile alikuwamo Lea, mke asiyependwa. Yakobo aliyejua kupenda hivyo alikuwa na mtu karibu naye ambaye hakumwona. Mungu ndiye aliyemwona. Na Siku ya Wapendanao akina Lea ni wengi: mjane, binti asiyepata kadi akadhani hana thamani, mke ambaye mumewe hamsemezi ila kuuliza chakula ki wapi. Kama wewe ni mmoja wao nawe unatusikiliza, ujue kwamba Bwana amekuona kabla ya mtu ye yote kukuletea ua.

Nanyi akina baba, tuambizane kweli. Yuko mume ambaye mwaka mzima ni mkali nyumbani, kisha tarehe 14 Februari huleta ua kama mtu anayelipa kodi, apate risiti ya mwaka mwingine. Yuko na mwingine anayemcheka huyo. Husema, "Mambo ya maua ni ya Wazungu, sisi Waafrika hatuna hayo." Vema, lakini yale ya Waafrika je, unayafanya? Mkeo alipougua, ulimchotea maji? Ulimshukuru lini mara ya mwisho? Mtu akikataa kutoa ua, wala asitoe kitu kingine cho chote, asiseme anashika mila. Ana mkono wa birika tu.

Basi, tuiache siku hiyo? Hapana sheria. Kanisa lenyewe lina siku zake zilizowekwa. Kila Jumapili twamshukuru Kristo aliyefufuka, na hata hivyo Pasaka ikija twafurahi zaidi. Vivyo hivyo, wanaopendana mwaka mzima waweza kufurahi tarehe 14 Februari bila hatia. Mwaka 2018, na tena mwaka 2024, Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe hiyo hiyo. Asubuhi Wakristo walipakwa majivu, wakaambiwa kwamba wao ni mavumbi. Jioni wengine walipeana maua. Tuliona kwamba mambo hayo mawili yafaa kukaa pamoja, kwa maana hata ahadi ya ndoa hutaja mauti. Siku zetu za kupendana zina hesabu.

Kwa hiyo msingoje Februari. Leo, kabla ya kuzima taa, mwambie mwenzako neno moja la shukrani kwa jambo alilolitenda leo. Na kama mmenuniana, anza wewe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Lea katika huzuni yake, waangalie wote wasiopendwa nyumbani mwao. Uifanye laini mioyo iliyo migumu, ukatufundishe kupendana kila siku uliyotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.