Tiba kwa Vitendo Ianzie Kliniki ya Mtoto

(Mada kwa kamati za sharika, Kanazi, Wilaya ya Ngara)



Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilisema huduma ya afya ya msingi ni kukuza afya, kukinga, kutibu na kutoa utengamao. Matatu ya kwanza tunayafahamu hapa Kanazi na Biharamulo: mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, na akiugua malaria hupewa dawa. La nne ndilo tunalolisahau.

Tiba kwa vitendo ni sehemu ya utengamao. Mtaalamu wake humfundisha mtoto shughuli za kila siku: kukaa, kushika kijiko, kuvaa, kucheza. Wanaomhitaji sana ni watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyofika kwenye ubongo.

Tuchukue mfano wa uji. Mtoto asiyeweza kukaa akinyweshwa huku amelala chali, uji huweza kuingia njia ya hewa. Akapaliwa, akapata nimonia, akakonda. Mama akionyeshwa kumkalisha wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, na kumlisha uji mzito polepole kwa kijiko, hatari hiyo hupungua. Hapo tumekinga nimonia na utapiamlo bila kidonge.

Wafadhili hutuuliza tumegawa viti vingapi vya magurudumu. Ni swali jema, ila lisiwe la kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulitaka kiti kilingane na mwili wa mtumiaji, naye afundishwe kukitumia. Kiti kikubwa mno huweza kumpinda mtoto mgongo.

Wataalamu hawa ni wachache, na chuo chao cha KCMC kiko Moshi, mbali nasi. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kamati ziwafuate watoto walioko majumbani. Asiyekaa bila kushikiliwa kufikia miezi 9, au asiyetembea kufikia miezi 18, apelekwe kituo cha afya. Mama asilaumiwe, ulemavu si laana.

2. Sharika zichangie nauli ya kwenda na kurudi tena, maana mara moja haitoshi.

3. Wafadhili wagharimie kwanza ziara za mtaalamu na mafunzo kwa wahudumu wa zahanati. Seremala wa kijijini, akielekezwa na mtaalamu, aweza kutengeneza kiti cha mbao cha kumkalisha mtoto.

Katika taarifa zetu tungependa kuhesabu kwanza watoto walioweza kukaa na kula wenyewe, ndipo tuhesabu viti.